Msitu uko hatarini. Hatari kiasi gani?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Katika kazi yetu ya utangazaji kuna maneno ambayo tumeyatumia mpaka yameisha makali, mfano wa kisu cha jikoni ambacho hakijapata kunolewa tangu kinunuliwe. Moja ya maneno hayo ni "hatarini." Tembo wako hatarini, maji yako hatarini, vijana wako hatarini, na misitu, kila mwaka siku ya mazingira inapofika, iko hatarini. Mimi mwenyewe nimelisema neno hilo mbele ya kipaza sauti mara zisizo na idadi, nikaweka muziki, nikaenda kunywa chai.

Aliyenishtua ni mzee mmoja wa kule Pugu. Nilikwenda milimani huko na kinasa sauti changu kuandaa kipindi juu ya ukataji miti. Mzee huyo alikuwa amefanya kazi ya kulinda msitu kwa miaka mingi, na akakubali kunitembeza. Baada ya shikamoo na marahaba tukaingia njia ya miguu, tukapita mashimo mawili ya matanuri ya mkaa yaliyopoa zamani. Nikawasha kinasa sauti na kuanza kwa sauti yangu ya kazini: "Mzee, msitu huu uko hatarini..."

Akanikatiza. "Mwanangu, hatarini kiasi gani?"

Nikanyamaza. Akaendelea: "Ukimpeleka mgonjwa hospitali, daktari haandiki kwenye cheti kwamba mgonjwa yuko hatarini halafu akaenda zake. Anapima homa, anapima presha, anachukua damu. Nyinyi mmepima nini?"

Sikuwa na jibu, na sehemu hiyo sikuitangaza. Leo nataka kulipa deni lile. Tuulize wote pamoja: je, msitu unapimwaje? Nani anaweza kusema kwamba msitu huu utapona na ule uko mahututi? Na sisi tunaokaa mjini, ambao msitu tunauona kupitia dirisha la basi, yanatuhusu nini?

Tuanze na kipimo chenyewe. Wengi wetu tumesikia habari za Orodha Nyekundu ya Shirika la Kimataifa la Kuhifadhi Mazingira Asilia, IUCN. Orodha hiyo ilianza mwaka 1964, na inahusu aina moja moja ya mnyama au mmea: kifaru mweusi yuko wapi, mpingo uko wapi. Lakini wataalamu waliona upungufu. Unaweza kumhesabu ndege mmoja mmoja, huku nyumba anayoishi ndege huyo inaporomoka bila mtu kuiandika popote. Kwa hiyo mwaka 2014 shirika hilo likapitisha vigezo vya orodha ya pili, Orodha Nyekundu ya mifumo ikolojia, yaani misitu, mabwawa, matumbawe na kadhalika, kila mmoja ukiwa kitu kizima.

Kwa mnyama, mwisho unaitwa kutoweka. Kwa msitu, mwisho unaitwa kuporomoka. Msitu umeporomoka pale unapopoteza yale mambo yanayoufanya uwe wenyewe, na mahali pake pakachukuliwa na kitu kingine. Mfano ulio maarufu kuliko yote si wa msitu, ni wa Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan. Kuanzia miaka ya 1960 mito inayoingia humo ilielekezwa kwenye mashamba ya pamba. Maji yakapungua, yakazidi chumvi, samaki wa asili wakafa, na meli za wavuvi zikabaki zimelala mchangani. Pale bado pana mchanga, pana vichaka, na hata madimbwi yapo. Lakini bahari ile haipo tena.

Sasa, wataalamu wanauliza maswali matano, na mimi nitayaeleza kwa lugha ya kawaida.

Swali la kwanza: msitu umepungua kiasi gani? Wanaangalia miaka 50. Ukipungua kwa asilimia 30, hali yake ni tete. Ukipungua kwa asilimia 50, uko hatarini. Ukifika asilimia 80, uko mahututi. Wapo pia wanaorudi nyuma mpaka mwaka 1750, maana kuna misitu iliyokwisha kukatwa kabla babu zetu hawajazaliwa.

Swali la pili: uliobaki umesambaa au umebanwa mahali padogo? Kijiji chenye kisima kimoja na kijiji chenye visima kumi vinaweza kuwa na maji sawa leo, lakini siku kisima kikiingia sumu mtajua tofauti. Msitu uliobaki kwenye kilima kimoja unaweza kumalizwa na moto wa siku mbili.

Swali la tatu: mazingira yanayoulisha yameharibika? Hapa ni maji, ukungu, joto, udongo.

Swali la nne: viumbe waliomo bado wanafanya kazi zao? Nani anabeba mbegu, nani anachavusha maua, nani anakula nani?

Swali la tano ni la hesabu. Ukiweka yote pamoja, kuna uwezekano gani msitu huo ukaporomoka katika miaka ijayo? Uwezekano ukiwa nusu kwa nusu au zaidi ndani ya miaka 50, msitu ni mahututi.

Jambo moja la kuzingatia: hawatafuti wastani. Jibu baya kuliko yote katika matano hayo ndilo linaloamua. Na ndivyo hata daktari anavyofanya. Presha yako ikiwa nzuri, macho mazuri na meno mazuri, lakini figo zimekufa, hatakuambia kwamba kwa wastani wewe ni mzima.

Mzee wa Pugu angefurahi kusikia hilo. Lakini angeuliza tena: nipe mfano wa kwetu. Naam, ninayo miwili.

Wa kwanza ni Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Pale kuna maporomoko ya maji, na zamani maji yale yalirusha manyunyu usiku na mchana kwenye bonde jembamba lenye msitu. Katika manyunyu hayo mwaka 1996 wataalamu walimkuta chura mdogo, wa rangi kama dhahabu, ambaye hatagi mayai kama vyura wengine, anazaa. Hakupatikana mahali pengine popote duniani. Wakati huo ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa umekwisha kuanza. Mwaka 2000 mitambo ilikuwa inafanya kazi, sehemu kubwa sana ya maji ikaingizwa kwenye mabomba, na manyunyu yakakatika.

Hakuna aliyeingia mle na shoka. Hakuna tanuri la mkaa. Ukipima kwa swali la kwanza, ungesema mambo ni shwari. Lakini swali la tatu lilikuwa limekwisha kujibiwa. Serikali na wafadhili wakaweka mabomba ya kunyunyizia maji, vyura wakaongezeka, kisha mwaka 2003 wakapukutika kwa muda mfupi sana, na ugonjwa wa ukungu unaoua vyura ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kwamba ametoweka porini. Waliokuwa wamepelekwa Marekani mapema ndio waliookoa ukoo, na mwaka 2012 tukaanza kuwarudisha nyumbani. Mitambo ile ina uwezo wa megawati 180, na umeme wake huingia katika gridi ya taifa. Sisemi kwamba tusingejenga. Mimi natangaza kwa umeme, na wewe unanisikiliza kwa umeme. Nasema kwamba kupima kulikuja wakati saruji imekwisha kumwagwa.

Mfano wa pili ni wa Usambara Mashariki. Kule misitu imekatwa vipande vipande kwa mashamba ya chai na mengineyo. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti juu ya mti mmoja wa kule uitwao kitaalamu Leptonychia usambarensis, ambao mbegu zake husambazwa na ndege. Katika msitu mkubwa, ndege walikuwa wengi, mbegu zilibebwa mbali, na miche ikaota. Katika vile vipande vidogo, ndege wabebaji walikuwa wachache, mbegu ziliangukia chini ya mama yao, na miche ilikuwa haba.

Fikirini maana yake. Mtu anayepita pale anaona miti mizima, mirefu, ya kijani. Atasema msitu huu hauna neno. Kumbe ni kama mtaa wenye wazee watupu, hakuna mtoto hata mmoja anayecheza barazani. Mtaa ule haujafa. Lakini kila mtu anajua mwisho wake.

Kuna nchi ambayo hesabu hiyo ya tano wameifanya mpaka mwisho, nayo ni Australia. Katika jimbo la Victoria kuna misitu ya mikaratusi mirefu ajabu, inayopita meta 90, mirefu kuliko mimea yote yenye kutoa maua. Misitu hiyo ndiyo chanzo kikuu cha maji ya kunywa ya jiji la Melbourne. Iliungua vibaya mwaka 1939, ikaungua tena Februari 2009 katika moto ulioua watu 173, na katikati ya mioto hiyo miwili ikavunwa mbao kwa miongo mingi. Miti ile ikiungua kabla haijafikisha umri wa kuzaa mbegu, yaani miaka 20 hivi, haina kitu cha kurithisha, na mahali pake huota migunga.

Wataalamu walichagua kipimo ambacho hata mtoto anakielewa: miti mizee yenye mapango, ambamo wanyama wadogo hulala. Pango la namna hiyo huchukua zaidi ya miaka 100 kujitengeneza. Wakasema, wastani wa miti hiyo ukishuka chini ya mmoja kwa hekta, tutahesabu kwamba msitu umeporomoka. Wakapiga hesabu kwa njia nyingi, njia za matumaini na njia za hofu. Mwaka 2015 wakatoa jibu: uwezekano wa kuporomoka ifikapo mwaka 2067 ni asilimia 92 au zaidi. Hata kwa ile njia ya matumaini makubwa kabisa.

Kuanzia Januari 2024 jimbo la Victoria lilikomesha uvunaji wa mbao katika misitu yake ya asili ya serikali. Sidai kwamba hesabu ile peke yake ndiyo iliyoleta uamuzi. Palikuwa na mioto, palikuwa na kesi mahakamani. Lakini mjadala ulikuwa juu ya kitu chenye kipimo. Mtu angeweza kuipinga namba, lakini asingeweza kujifanya haipo.

Turudi nyumbani, wasikilizaji, maana safari ndefu huchosha.

Sisi wa Dar es Salaam tumepimwa pia, ingawa wengi hatujui. Watafiti walikwenda kwenye misitu na mapori kuanzia kilomita 10 mpaka kilomita 220 kutoka jijini, mwaka 1991, na wakarudi mwaka 2005. Walitaka kujua kama jiji linakula msitu kwa mpangilio. Jibu lao lilichapishwa mwaka 2010, na mimi nililisoma nikiwa nimekaa kiti cha jikoni kwangu, gunia la mkaa liko nyuma ya mlango.

Waligundua kwamba uharibifu unatoka jijini kama mawimbi ya jiwe lililotupwa bwawani. Wimbi la mbele ni la mbao za bei kubwa, na lilikuwa likienda mbali kwa kilomita 9 kila mwaka. Kilomita 9 ni kama kutoka Posta mpaka Ubungo. Nyuma yake, karibu zaidi na jiji, ni wimbi la mkaa, ambalo lilitembea kilomita 2 kwa mwaka. Katika miaka ile 14 wimbi la mbao lilisogea zaidi ya kilomita 120, na la mkaa karibu kilomita 28. Tena wakaona kwamba kadiri unavyokaribia jiji, ndivyo aina za miti zinavyopungua.

Kumbukeni kwamba mwaka 1988 jiji hili lilikuwa na watu milioni moja na laki tatu na ushei. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni tano na laki tatu na ushei. Kila mmoja anakula, na ugali hauivi kwa jua.

Pugu iko mwanzoni kabisa mwa njia ya mawimbi hayo. Ndani ya msitu ule yupo komba wa Rondo, mnyama mwenye uzito wa gramu 60 hivi, anayeishi katika vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania na si kwingineko. Mimi si mtaalamu na sitawapa daraja la Pugu. Kazi hiyo ina wenyewe. Lakini yale maswali matano naweza kuyauliza kama raia. Msitu umepungua? Mashimo ya matanuri niliyaona kwa macho yangu. Umebanwa? Jiji liko upande mmoja, mashamba upande mwingine. Wabebaji wa mbegu wapo? Swali hilo nilimuuliza mzee, naye akaitazama ile miti kwa muda kabla ya kujibu.

"Si kila kijani ni msitu," akasema. Akanionyesha kichaka kilichotanda palipokuwa na miti mikubwa. "Wewe ukipita na gari moshi, hapa unaona kijani. Mimi hapa naona kaburi limeota majani."

Najua kuna msikilizaji ananuna. Anasema, huyu mtangazaji ana mshahara, atuache na mkaa wetu. Ndugu yangu, una haki ya kununa. Kule kwangu gesi ipo, lakini mama mkwe wangu akija, maharage yanahamia kwenye jiko la mkaa, kwa sababu mtungi hauwezi kuchemsha maharage saa tatu halafu ukafika mwisho wa mwezi. Mwanamke anayeuza mkaa kwa kopo mtaani kwetu anasomesha watoto kwa kopo hilo. Na mwanzoni mwa mwaka 2006 serikali ilijaribu kupiga marufuku. Bei ilipanda, watu walilia, na marufuku yenyewe haikudumu. Amri isiyo na mbadala ni kama kumnyang'anya mtu fimbo akiwa katikati ya mto.

Safari hii upo mpango. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati hiyo. Ni lengo zuri. Ila lengo hilo linapima majiko. Nani anapima msitu? Ikiwa mwaka 2034 tutafikia asilimia 80 ya majiko, na Pugu, na Kazimzumbwi, na misitu mingine ya pwani imekwisha kuporomoka mwaka 2030, tutakuwa tumefika hospitali na dawa mkononi baada ya mazishi.

Na wala tusidhani hasara itakuwa ya komba peke yake. Maji mengi ya jiji hili yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu inaanzia kwenye misitu ya ukungu ya milima ya Uluguru. Mwishoni mwa mwaka 2022 Ruvu ilipungua, mgao wa maji ukatangazwa, na sote tunakumbuka foleni za madumu. Ukame ule ulitokana na mvua kukosekana. Sitausingizia ukataji miti peke yake. Lakini mlima wenye msitu hunyonya mvua na kuiachia kidogo kidogo, na mlima ulio uchi huiachia yote siku moja, pamoja na udongo. Siku mvua ikikosekana, tofauti ya milima hiyo miwili utaiona kwenye bomba lako. Watu wa Melbourne walilielewa hilo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, nayo si makubwa.

La kwanza, kila msitu wa hifadhi unaolisha au unaoliwa na mji upimwe kwa maswali yale matano, na majibu yatangazwe kwa Kiswahili, yabandikwe kwenye ofisi ya kata, sio kufungiwa kabatini. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana huko Montreal kwamba Orodha Nyekundu ya mifumo ikolojia iwe mojawapo ya vipimo vikuu vya hali ya maumbile duniani. Kipimo kipo. Kinachotakiwa ni kupima.

La pili, kipimo kitangulie saruji. Bwawa, barabara, kiwanda, chochote kile. Chura wa Kihansi ametufundisha, na ada ya somo lile ilikuwa kubwa.

La tatu linanihusu mimi na wenzangu wa vyombo vya habari. Tuache kusema "hatarini" na kuweka muziki. Tuseme kiasi gani, tangu lini, nani kapima, na nini kitatokea tusipofanya kitu. Ikiwa hatujui, twende tukaulize kabla ya kuwasha kipaza sauti.

Majuzi nilimpigia simu yule mzee kumweleza kwamba swali lake nimelipatia majibu, na kwamba nitayasoma redioni wiki hii. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Sasa daktari ameandika cheti. Dawa anakwenda kununua nani?"

Swali hilo nawaachia ninyi, na nafsi yangu nayo sijaitoa. Panapo majaliwa, tukutane tena wiki ijayo. Kwaherini.